Pochi ya Ngozi: Itazame Ukingoni

Mazungumzo na walaji, Kyela mjini



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya pochi ya ngozi, ile ambayo vijana huiita waleti. Najua wapo waliotabasamu walipoliona somo hili kwenye tangazo. Wilaya yenye kakao, mpunga na samaki, wilaya ya mpakani, iletewe mtu wa kuzungumzia pochi! Nakiri kwamba hata ofisini kwetu wapo waliosema tungeanza na mbolea au mbegu. Lakini hebu kila mmoja wetu aguse mfuko wake sasa hivi na ajiulize kilichomo. Kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki, kadi ya bima ya afya, leseni ya pikipiki, stakabadhi ya mauzo ya kakao, noti chache, pengine na picha ya mtu umpendaye. Mwenye kuvipoteza vitu hivyo kwa mpigo mmoja anajua siku ngapi atazunguka baina ya polisi, benki na ofisi za vitambulisho. Na kile kinachovibeba vyote hivyo tunakinunua kwa dakika mbili, tukiwa tumesimama stendi huku basi likipiga honi.

Nina kisa changu mwenyewe, na sina budi kukianza nacho.

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia baba yangu pochi. Wakati huo nilikuwa tayari nimeajiriwa katika kazi hii ya kuwatetea walaji, kwa hiyo sina kisingizio. Niliinunua katika duka la mji mmoja ambao sitautaja. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, imepigwa mhuri wa herufi za dhahabu zenye maneno ya Kiingereza “Genuine Leather”, na mwuzaji aliniapia kuwa ni ngozi ya ng'ombe. Mzee, nyumbani kwetu Ipinda, aliipokea kwa mikono miwili. Akaona ni nzuri mno kwa matumizi ya kila siku, akaiweka sandukuni. Ndani yake akatia picha ya marehemu mama, waliyopiga wakiwa vijana katika studio moja ya Tukuyu. Hatukuwa na nakala nyingine.

Masika moja ikapita, na ya pili ikapita. Siku niliporudi nyumbani kwa shughuli ya ukoo, mzee akataka kuwaonyesha wajukuu bibi yao. Tulipoifungua pochi ilikuwa inanata kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Weusi wake ulibanduka ukabaki vidoleni mwetu. Picha ilikuwa imegandamana nayo, na tulipoivuta taratibu, nusu ya uso wa mama ilibaki kwenye pochi. Baba hakunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, uliniambia hii ni ngozi.”

Pochi ile haikuchakaa kwa kutumika, maana haikutumika hata siku moja. Iliharibiwa na hali ya hewa ya kwetu, na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu hilo ndilo jambo linalomtofautisha mnunuzi wa Kyela na mnunuzi wa Dodoma au Singida. Sisi tunaishi bondeni, kando ya ziwa ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Livingstone imetukingia upande wa mashariki. Mvua katika sehemu nyingi za wilaya hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Joto lipo, mvuke upo, na nguo iliyoachwa kabatini mwezi Aprili huota ukungu. Sasa, pochi nyingi zinazouzwa kama ngozi ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki laini. Utando wa aina inayotumika sana huitwa poliyurethani, na kwenye lebo huandikwa kwa kifupi PU. Plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu ikisaidiwa na joto, polepole, hata ikiwa imelala sandukuni. Kwanza hunata, kisha hufanya nyufa, kisha hubanduka magamba. Huwezi kuiponya kwa dawa yoyote ya viatu.

Ngozi ya kweli nayo ina adui wake katika hali hii, naye ni ukungu. Lakini ukungu hufutwa kwa kitambaa, na ngozi ikabaki ngozi.

Sisemi kuwa plastiki ni haramu. Mtu akiuziwa pochi ya plastiki kwa jina la plastiki na kwa bei ya plastiki, hakuna aliyedhulumiwa, na kwa mwanafunzi wa sekondari huenda hiyo ndiyo inayomfaa. Dhuluma huanza pale jina linapobadilishwa.

Basi tuliangalie jina lenyewe. Neno “ngozi” ni pana kuliko tunavyodhani, na wafanyabiashara wa dunia nzima hujificha ndani ya upana wake. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na viwandani huchanwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililokuwa limeota manyoya, lina nyuzinyuzi zilizosongamana kama mkeka uliosukwa kwa kubana. Kadiri unavyoshuka kuelekea upande wa nyama, ndivyo msuko unavyolegea. Pochi ya tabaka la juu hustahimili kukunjwa maelfu ya mara. Tabaka la chini nalo ni ngozi, hakuna anayekataa, lakini ni dhaifu zaidi, na kwa kuwa uso wake una manyoyanyoya, hupakwa rangi nzito ya plastiki na kuchapwa vinyweleo vya bandia ili lifanane na la juu.

Lipo na la tatu. Mabaki ya kiwandani husagwa, yakachanganywa na gundi, yakakandamizwa kuwa karatasi ndefu. Mafundi seremala waliopo hapa wataelewa haraka: ni tofauti ya ubao wa mninga na ubao wa maranda. Maranda yametoka kwenye mti, ni kweli, lakini jaribu kutundika mlango juu yake. Pochi ya ngozi ya kusaga huanza kumomonyoka kwenye kona na kwenye mkunjo, tena upesi.

Sasa rudini kwenye ule mhuri wa dhahabu. Hausemi ni tabaka lipi. Unaweza kukaa juu ya ngozi ya chini kabisa na usiwe umesema uongo. Na unaweza kukaa juu ya plastiki tupu, kwa sababu mhuri ni kipande cha chuma kilichochongwa herufi, na kila mwenye chuma hicho na moto anaweza kupiga atakavyo. Mimi siku hizi nikiuona mhuri nausoma kama ninavyosoma “Mungu ni Mwema” nyuma ya daladala: sibishani nao, lakini si cheti cha ukaguzi wa breki.

Swali linalofuata ni hili: mtu asiye fundi, aliyesimama sokoni, atajuaje? Jibu langu ni fupi. Usiutazame uso wa pochi, utazame ukingo wake. Uso ndio uliotengenezwa ili utazamwe.

Ninazo hapa pochi mbili ambazo nimezikata kwa kisu, nitazipitisha mikononi mwenu baadaye. Hii ya kwanza, ukingo wake unaonyesha kitu kimoja kutoka juu hadi chini, nyuzinyuzi zilizoshikana bila mpangilio, mfano wa karatasi nene iliyochanwa. Hii ya pili ina utando mwembamba unaong'aa juu, na chini yake kitambaa chenye nyuzi zilizopishana. Ukiukwaruza kwa ukucha, utando unainuka. Ya kwanza ni ngozi.

Lakini dukani hamtakata, na watengenezaji wanajua kwamba mnatafuta ukingo. Kwa hiyo huukunja kwa ndani na kuushona, au huupaka rangi nzito. Kukunja ukingo si kosa, hata mafundi bora hufanya hivyo. Hapo ndipo muingie ndani. Vuta kidogo mfuko wa kadi na utazame sehemu yake ya chini iliyofichwa na mfuko wa mbele. Fungua sehemu ya sarafu uchungulie nyuma ya kifuniko. Karibu kila pochi ina mahali ambapo mtengenezaji aliona hakuna haja ya kukunja, na hapo huonekana ukweli. Mara nyingi mtakuta nje ni ngozi na ndani yote ni plastiki. Pochi ya namna hiyo si ya kutupwa, ila bei yake isiwe ya ngozi tupu, na picha msizitie humo.

Dole gumba nalo ni chombo kizuri. Bonyeza katikati ya pochi: ngozi ya tabaka la juu hufanya mikunjo midogo midogo inayoelekea kwenye kidole, kama ngozi ya nyuma ya mkono wako mwenyewe, na rangi yake hufifia kidogo pale inapovutwa. Plastiki hubonyea tu kisha hurudi. Tazama pia vinyweleo. Vya asili havilingani, mahali vimejaa na mahali vimepwaya. Ukiona alama ileile inajirudia kila baada ya sentimita chache kama maua ya kanga, hiyo imechapwa na mashine.

Harufu isikudanganye. Siku hizi harufu ya ngozi huuzwa kwenye kopo.

Na kuhusu moto, naomba nisikike hadi nyuma. Wapo wanaoshauri kuchoma ukingo kwa kiberiti, eti ngozi itanuka nywele na plastiki itayeyuka. Nimeshuhudia ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu ya kiberiti hicho. Mali ambayo hujainunua si yako, na kuiunguza ni kumtia hasara mwenzako. Isitoshe jaribio lenyewe halitegemeki: ngozi nyingi za kweli hupakwa utando mwembamba wa kuilinda rangi, na utando huo nao huyeyuka, hivyo unaweza kuikataa iliyo halali. Tone la maji nalo lina kasoro hiyohiyo, kwani ngozi iliyopakwa vizuri haitalinyonya.

Ukisha kuridhika kuwa ni ngozi, kazi imefika nusu. Pochi nyingi za ngozi nzuri hufa kwa sababu ya mshono. Hesabu pengo la mishono: mitatu au minne katika sentimita moja inatosha. Ikiwa michache mno, vipande vitapanuka na sarafu zitatoroka. Ikiwa mingi mno, sindano imeitoboa ngozi kama ukingo wa stempu, na itachanika kwa kufuata mstari huohuo. Tazama kona za mdomo wa pochi, mahali vidole vinapovuta kila siku, kama mshono umerudiwa. Uzi wa pamba kwa hali yetu ya hewa huoza, uzi wa nailoni au poliesta ndio unaofaa. Na ukikuta pembeni hakuna mshono wowote, pamegandishwa kwa gundi tu, iache. Gundi nyingi hulegea kwa joto la mfukoni na jasho.

Kunja pochi karibu na sikio. Ikilia kama karatasi, ndani yake imetiwa karatasi ngumu ili ionekane imara. Karatasi hiyo ikilowa mara moja tu, pochi itapinda kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Zipu na vifungo vya chuma vipime kwa kipande cha sumaku, hata kile cha spika ya redio iliyokufa. Kikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kwa unyevu wetu kitakula kutu na kuchafua noti. Sumaku hiyo msiisogeze kwenye kadi zenu za benki. Mwisho, futa pochi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Rangi ikihamia kitambaani, kesho itahamia kwenye shati.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Nenda na noti ya shilingi 10,000 na kitambulisho chako, uvitie humo kabla ya kulipa. Ila kwa ninyi mnaofanya biashara pale Kasumulu na kubeba shilingi pamoja na kwacha, chagueni pochi yenye sehemu mbili za noti zilizotenganishwa kwa ngozi na siyo kwa bitana nyembamba. Mnajua wenyewe hasara ya kutoa noti isiyo yake gizani, mvua ikinyesha.

Tukifika hapa mtu hupenda kuuliza: ngozi nzuri hutoka wapi? Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado tunanunua pochi za plastiki kutoka mbali. Sababu ni nyingi, na baadhi ziko mikononi mwetu. Ng'ombe hupigwa chapa ya moto ubavuni, hapo hapo penye ngozi bora. Hung'atwa na kupe, huchomwa na miiba, na akichinjwa kisu cha mchunaji huacha matundu. Hata hivyo viwanda vipo. Kiwanda cha ngozi cha Karanga kule Moshi hutengeneza viatu na bidhaa nyingine za ngozi, na vijana hufundishwa teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Karibu zaidi na sisi, nyuma ya milima hii tunayoiona kutoka Matema, kuna mashamba ya miwati ya Njombe. Kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 hukamua magome ya miti hiyo kupata dawa ya kusindikia ngozi, nayo husafirishwa hadi nchi za nje. Dawa ileile huenda ikawa imerudi kwenu katika mkanda uliouvaa.

Ngozi iliyosindikwa kwa magome huwa na rangi ya kahawia hata ndani ya mkato, ni kakamavu, na kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyopendeza, ila maji huiachia madoa. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi ya kromiamu ni laini zaidi na huvumilia maji vizuri zaidi, na mara nyingi katikati ya mkato huonekana ukijivu au ubuluu hafifu. Mwalimu au karani anaweza kuchukua ya kwanza. Anayeshinda bandarini Itungi au juu ya bodaboda, ya pili. Ama ndugu zangu wavuvi, mimi sitawadanganya: hakuna pochi ya ngozi ya kuingia nayo ziwani. Iacheni nyumbani, noti zenu zitieni kwenye chupa ya plastiki yenye kizibo cha kuzungusha.

Msiikatae pochi kwa sababu ya kovu dogo la kupe au mwiba. Kovu kama hilo ni ushahidi kuwa mnyama aliishi, na plastiki haina kupe. Kikatae kipande chenye tundu, au kovu lililokaa juu ya mkunjo. Na mkiambiwa hii ni ya mamba au ya chatu, kuweni waangalifu maradufu. Nyingi ni ngozi ya ng'ombe iliyochapwa magamba. Ikiwa kweli ni ya mnyamapori, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka iwe na kibali, na maelezo ya kwamba ulidanganywa hayatakusaidia sana mbele ya askari wa mpakani.

Nilirudi, ndugu zangu, kwa yule mwuzaji wa pochi ya baba. Akanikumbuka. Akaniuliza, kwa upole kabisa, “Risiti unayo?” Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeharakishwa na basi, na nikaona aibu kudai karatasi kwa kitu kidogo kama kile.

Kwa hiyo nawapeni jaribio ambalo halihitaji kisu, kiberiti wala sumaku. Kabla ya kulipa, mwambie mwuzaji: “Kaka, niandikie kwenye risiti kuwa hii ni pochi ya ngozi ya ng'ombe.” Kisha nyamaza umtazame. Mwenye kuijua mali yake ataandika. Asiyeijua ataanza kueleza. Mwenye mashine ya kielektroniki ya risiti anawajibika kukupa risiti ya mashine, na maelezo ya bidhaa yakiwa hayatoshi aongeze kwa mkono. Machinga asiye na mashine aandike kwenye kipande cha karatasi: jina lake, namba ya simu, tarehe, bei, na neno hilo “ngozi”.

Neno hilo lina uzito. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na maelezo ya uongo na alama za kughushi. Yale maandishi ya ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayampi mtu ruhusa ya kuuza plastiki kwa jina la ngozi. Ukigundua udanganyifu, usiitumie tena pochi hiyo. Rudi kwa mwuzaji na risiti, bila matusi. Akikataa, nenda kwa uongozi wa soko, kisha kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, na jambo likiwa kubwa lipelekwe Tume ya Ushindani. Aliyenunua ng'ambo ya Mto Songwe ajue kuwa shauri lake liko chini ya sheria za Malawi, nasi huku tutaweza kumsaidia kidogo sana.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naona methali hiyo huwaonea wamachinga wetu. Nimekagua pochi za dukani zilizolala ndani ya kioo zikiwa plastiki tupu, na nimekuta ngozi safi kwenye turubai chini ya mwembe, mkusanyiko wa mitumba, iliyoshonwa upya na fundi viatu. Bei vilevile si shahidi wa kutegemea. Chukueni mfano wa pochi ya shilingi 8,000 inayokufa baada ya miezi minane. Katika miaka minane utanunua 12, ambazo ni shilingi 96,000. Ya shilingi 40,000 inayodumu miaka hiyo minane imekuokolea zaidi ya nusu, ilimradi iwe kweli ya ngozi. Ikiwa ya plastiki, umepoteza 40,000 kwa mkupuo mmoja badala ya kuzipoteza kidogo kidogo.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hatuifikirii: kumwagiza fundi. Fundi viatu mwenye msharasi mkononi anaweza kushona pochi kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, na mshono wa namna hiyo uzi ukikatika mahali pamoja, mwingine hushikilia. Mashine haishoni hivyo. Kubalianeni bei, mpe malipo ya awali yasiyozidi nusu, umwonyeshe kipande cha ngozi mlichokichagua na uweke sahihi yako upande wa nyuma ili kisibadilishwe. Mafundi wanaotaka kujiendeleza waulize SIDO, ambayo ina ofisi Mbeya.

Na mkishaipata, itunzeni kama kitu cha Kyela. Ikilowa, itoe vitu vyote, ijaze karatasi kavu, uiache kivulini penye upepo. Usiianike juani wala kuisogeza jikoni, itakakamaa na kupasuka. Ukungu ukiota, ufute ukiwa nje ya nyumba, kisha uiache ipate hewa. Usiihifadhi ndani ya plastiki. Kila baada ya miezi michache ipake nta ya nyuki kidogo au dawa ya viatu isiyo na rangi. Mawese msitie, najua tunayo mengi: yataozea ndani ya ngozi na kunuka. Picha za karatasi zifungeni kwanza katika karatasi nyeupe, zisigusane na kioo cha plastiki kilicho ndani ya pochi, hata pochi ikiwa ya ngozi bora, kwa maana kioo hicho nacho hunata.

Mezani hapa nimeweka pochi nne. Zote zina mhuri wa ngozi halisi. Mbili ni ngozi, moja ni ya kusaga, moja ni plastiki. Naomba mje mmoja mmoja, mzishike, mtazame kingo na mifuko ya ndani, na kila mtu aandike jibu lake kwenye kikaratasi kabla hatujaanza maswali. Wafanyabiashara mtangulie.